Sigara ya umeme: moto mdogo na mpimaji wake

Ukiwauliza vijana wa mjini habari za sigara ya umeme, wengi watakueleza ladha yake, umbo lake na bei yake. Ni wachache watakaoweza kukueleza namna kinavyofanya kazi kile kifaa kilichomo mfukoni mwao, au kwa nini kimoja hutoa mvuke mdogo wa pumzi moja ilhali kingine hutoa wingu la kujaza chumba. Wazazi nao, ambao aghalabu hukiona kifaa hicho kwa mara ya kwanza wanapopekua mifuko ya suruali kabla ya kufua, hawajui hata waanze kuuliza wapi.

Makala hii haikusudii kumfundisha mtu kuvuta. Nikotini ni nikotini, iwe imetoka katika jani lililochomwa au katika kichupa cha maji matamu. Lakini kitu kilichokwisha kuingia nyumbani hufaa kijulikane, hasa kikiwa na betri iwezayo kulipuka, waya uwezao kuiva ukawa mwekundu kama kaa, na kichupa cha sumu ambacho mtoto anaweza kukidhani sharubati.

KIBATARI CHA KISASA

Kwa asili yake sigara ya umeme ni ndugu wa kibatari. Kibatari kina mafuta, utambi na moto. Sigara ya umeme ina maji maalumu, utambi wa pamba, na mahali pa moto pana waya uliozungushwa mithili ya springi. Waya huo ndio uitwao koili. Mvutaji anapobonya kitufe, umeme wa betri hupita katika koili, koili hupata joto, na maji yaliyonyonywa na pamba hugeuka mvuke. Hapana kinachoungua, au tuseme, hapana kinachopaswa kuungua.

Maji yenyewe ni mchanganyiko wa gliserini, ile ile ijulikanayo na kina mama kwa kulainishia ngozi, na kitu kiitwacho propilini glaikoli, pamoja na ladha na nikotini. Propilini glaikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini kwenye nyuzi 290. Mchanganyiko wake huchemka katikati ya viwango hivyo, kwa kutegemea vipimo vya mchanganyaji. Joto likipungua, mvuke hautoki, na mvutaji hujikuta akinyonya matone. Likizidi, gliserini huanza kuvunjika na kuzaa gesi kali, miongoni mwake akrolini na formaldihaidi, na pamba iliyokauka huungua na kuacha kooni uchungu usiosahaulika upesi. Kwa hiyo habari yote ya kifaa hiki ni habari ya kupima joto.

Wazo la kifaa ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mmarekani mmoja wa Pennsylvania, Herbert Gilbert, aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1963 akapewa mwaka 1965, lakini haikupata soko. Ilibidi ingojee miaka 40 hivi mpaka mfamasia wa China, Hon Lik, ambaye baba yake alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara, alipobuni ya kwake mwaka 2003. Mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa huko China. Zile za mwanzo zilifanana na sigara ya kawaida. Betri yake ilikuwa ndogo, koili yake nyembamba, na nguvu yake haba. Hazikuwa na kitu cha kudhibiti kwa sababu hapakuwa na nguvu ya kudhibiti. Mambo yalibadilika wavutaji walipoanza kudai wingu kubwa zaidi.

HESABU YA OHM

Kabla ya kwenda mbele hatuna budi kumkumbuka mwalimu mmoja wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, aliyeandika kanuni yake mwaka 1827. Msomaji aliyepita darasa la fizikia ataikumbuka. Asiyeipita na afikirie bomba la maji. Volteji ni msukumo wa maji kutoka tangini. Ukinzani ni wembamba wa bomba, nao hupimwa kwa omu. Mkondo ni wingi wa maji yapitayo kwa sekunde, nao hupimwa kwa ampea. Ukigawa volti kwa omu utapata ampea, na ukizidisha volti kwa ampea utapata wati, ambazo ndizo nguvu. Mwingereza James Joule, mwana wa mtengeneza bia wa Salford, alionyesha mwaka 1841 kwamba umeme upitao katika waya huzaa joto kwa hesabu isiyobadilika. Pasi, jiko la umeme na birika la umeme nyumbani kwako zote ni wanafunzi wa Joule.

Sasa tuitie hesabu hiyo katika kifaa chetu. Betri itumikayo sana huitwa 18650, kwa kuwa kipenyo chake ni milimita 18 na urefu wake milimita 65. Ikijaa hutoa volti 4.2, na kadiri itumikavyo hushuka mpaka karibu volti 3.2, hapo ikawa haifai tena. Chukua koili yenye nusu omu. Betri ikiwa imejaa, mkondo utakuwa ampea 8.4 na nguvu wati 35. Betri ikishuka hadi volti 3.4, koili ile ile itapata wati 23 tu. Theluthi nzima ya nguvu imetoweka, na mvutaji hajagusa kitu. Ndiyo sababu waliotumia vifaa vya namna hii walikuwa wakilalamika kwamba asubuhi kifaa ni kikali na jioni ni kama maji ya mchele.

Lakini kulalamika kwao si kitu mbele ya hatari iliyopo upande wa pili. Fundi wa mitaani, au kijana mwenye bisibisi na ujasiri, akizungusha koili nene yenye sehemu moja ya kumi ya omu na kuifunga katika kifaa kisicho na kidhibiti, betri iliyojaa itatakiwa kutoa ampea 42. Nyingi za betri hizo hazikutengenezwa kutoa zaidi ya 20 au 30 kwa mfululizo, na nyingine hata 10 haziwezi. Ili msomaji aone ukubwa wa jambo hili, pasi ya wati 1,000 katika umeme wa nyumbani wa volti 230 huvuta ampea 4.3 tu. Kijibomba cha kushikwa kwa vidole huweza kuvuta mara kumi ya mkondo wa pasi, tena kutoka katika betri isiyofika urefu wa kidole cha shahada. Betri ya lithi ikilazimishwa hivyo hupata joto ndani, na joto hilo huzaa joto jingine, mpaka betri itoe gesi, iwake au ipasuke.

Haya si mambo ya kubuni. Mwezi wa Mei 2018 mwanamume wa miaka 38 aliuawa nyumbani kwake huko St. Petersburg, Florida, kifaa chake kilipolipuka. Januari 2019 kijana wa miaka 24 wa Fort Worth, Texas, alikufa baada ya chuma cha kifaa chake kumkata mshipa wa shingo. Vifa vya namna hii ni vichache mno ukilinganisha na idadi ya watumiaji, lakini majeraha ya moto ya mapajani na mikononi yameandikwa sana na madaktari wa Marekani na Ulaya.

KIDHIBITI KINAFANYA NINI?

Wakazi wa mijini wanaijua stabilaiza, lile sanduku linalowekwa kati ya ukuta na jokofu ili umeme unaopanda na kushuka usiliunguze. Kidhibiti cha sigara ya umeme ni stabilaiza iliyofinywa ikatoshea katika kiganja, ikapewa na akili ya kuhesabu. Mtumiaji hakiambii kifaa kitoe volti ngapi. Hukiambia kitoe wati ngapi, na mengine yote kifaa hujifanyia.

Kazi ya kwanza ya chipu iliyomo ndani ni kuuliza: hii koili iliyofungwa ina omu ngapi? Hupitisha umeme mdogo, hupima, na kuandika jibu kwenye kioo. Kisha huzidisha wati zilizotakiwa kwa omu zilizopatikana na kutafuta kipeuo cha pili cha jawabu. Hicho ndicho kiasi cha volti kinachohitajika.

Tuseme mtumiaji ameweka wati 40. Akifunga koili ya omu 0.4, chipu itatoa volti 4 na mkondo utakuwa ampea 10. Akiiondoa na kufunga ya omu 0.9, chipu itapandisha mpaka volti 6 na mkondo utakuwa chini kidogo ya ampea 7. Akifunga ya omu 0.1, itashusha mpaka volti 2 na mkondo utafika ampea 20. Koili tatu, volti tatu mbalimbali, nguvu ni ile ile wati 40. Na kadiri betri ichokavyo, chipu hurekebisha hesabu ili wati zisipungue.

Swali la mtu makini litakuwa: betri ya volti 3.7 yawezaje kutoa volti 6, na yawezaje kutoa 2? Kushusha ni rahisi kuelewa. Ndani ya kidhibiti mna transista inayofungua na kufunga njia ya umeme maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Mfano wake ni mtu anayejaza ndoo yenye tundu kwa kata: akichota haraka kina cha maji hupanda, akichota polepole hushuka, nayo ndoo hutoa maji yasiyokatika japokuwa yanaingia kwa vipande.

Kupandisha volti kunastaajabisha zaidi. Kila aliyepanga katika nyumba yenye mabomba ya zamani amesikia jinsi bomba linavyogonga ukutani mtu anapofunga kilula kwa ghafla. Maji yaliyokuwa mbioni hayakubali kusimama. Yakizuiwa husukuma kwa kishindo kikubwa kuliko msukumo wa tangi. Umeme upitao katika waya uliozungushwa kwenye kiini cha sumaku una tabia hiyo hiyo. Ukikatwa ghafla hujisukuma mbele kwa volteji kubwa kuliko ile ya betri iliyouzaa. Mafundi wa magari ya petroli wameutumia ukaidi huo miaka mingi: koili ya gari huchukua volti 12 za betri na kutoa maelfu ya volti za kuchochea cheche kwenye plagi. Kidhibiti cha sigara ya umeme hufanya vivyo hivyo kwa kiasi kidogo, kisha hukusanya mishindo hiyo katika kapasita ili itoke ikiwa tulivu.

Chipu ina kazi nyingine ya ulinzi, na kwa maoni ya mwandishi hiyo ndiyo ya maana kuliko zote. Ikikuta omu zimeshuka chini ya kiwango ilichopangiwa, ambacho katika vifaa vingi ni karibu 0.1, hukataa kuwasha na kuandika kwamba pana shoti. Betri ikiwekwa kichwa chini miguu juu, hukataa. Betri ikikaribia kwisha, hukataa, kwani betri ya lithi iliyokamuliwa kupita kiasi huharibika. Kitufe kikibonywa kwa sekunde kumi hivi bila kuachwa, kama inavyotokea kikikandamizwa mfukoni, hukata chenyewe. Kile kifaa kisicho na kidhibiti hakina hata moja ya kinga hizi. Ni betri, swichi na waya, na kati ya mtu na msiba hapana kitu ila hesabu aliyoifanya yeye mwenyewe, kama aliifanya.

DHANA MOJA ILIYO POTOFU

Wapo wanaoamini kwamba, kwa kuwa koili yenye omu chache huvuta ampea nyingi, basi hata katika kifaa chenye kidhibiti huichosha betri zaidi. Sivyo. Betri haioni koili, inaona kidhibiti. Kidhibiti kinachotoa wati 40 huichukulia betri wati 44 hivi, maana nyingine hupotea njiani kwa joto, na hizo 44 ni zile zile iwe koili ni ya 0.1 au ya 0.9. Betri ikiwa na volti 3.7 itatoa ampea 12.

Jambo ambalo watu hawalioni ni kinyume cha hapo. Betri ikishuka hadi volti 3.2, wati zile zile zitaitaka ampea 14. Yaani kadiri betri inavyochoka ndivyo inavyoongezewa mzigo, kama mchukuzi aongezewaye gunia karibu na kilele cha mlima. Mtu akiweka wati 80 katika kifaa cha betri moja, betri hiyo mwishoni mwa chaji itakuwa inatoa karibu ampea 28, na betri hafifu haiwezi. Ndiyo sababu vifaa vya nguvu kubwa hubeba betri mbili zilizounganishwa kwa mfuatano. Volti zikiwa maradufu, ampea hupungua nusu. Betri hizo mbili zapaswa kununuliwa pamoja, kutumika pamoja na kuchajiwa pamoja. Mpya na kuukuu hazifungwi katika chombo kimoja, maana iliyo dhaifu hukamuliwa kupita uwezo wake na iliyo imara.

WATI SI JOTO

Hapa ndipo penye utata ambao hata wauzaji wengi hawauelewi. Kidhibiti hupima nguvu. Hakipimi joto la koili. Wati 40 ni joule 40 za joto kwa kila sekunde, lakini joto hilo litaufanya waya uwe moto kiasi gani ni jambo linalotegemea unene wa waya, urefu wake, wingi wa maji kwenye pamba, na upepo unaopita.

Chukua koili mbili zenye nusu omu kila moja. Moja ni ya waya mwembamba na mfupi, nyingine ni ya waya mnene na mrefu. Kwenye kioo cha kifaa ni mapacha, kwani chipu inasoma omu tu. Zipe wati 35 zote mbili. Ile nyembamba itaiva mara moja, itayafukuza maji kwenye pamba na kuiunguza. Ile nene itachelewa, kisha itatoa mvuke mwingi uliopoa, kwa sababu joto lile lile limetandazwa juu ya eneo kubwa. Mama mpishi anaifahamu habari hii bila kusoma fizikia: mkaa wa kiasi kimoja chini ya sufuria ndogo na chini ya sufuria kubwa haupiki sawa.

Kwa hiyo watengenezaji huandika ubavuni mwa koili kiasi cha wati kinachofaa. Koili ya omu 1.2, iliyokusudiwa kuvutwa polepole kama sigara, huenda ikaandikwa wati 10 hadi 14. Koili ya omu 0.15 yenye matundu mapana ya hewa huenda ikaandikwa 60 hadi 80. Kifaa kimoja huweza kubeba zote mbili, na mtu akibadilisha ya pili kwa ya kwanza akasahau kushusha wati, chipu itatii amri kama ilivyo. Vifaa vingine vya sasa hupendekeza wati vinapoona koili mpya, lakini pendekezo hilo ni la kukisia kutokana na omu.

Madhara ya kuzidisha yalijadiliwa sana mwaka 2015. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Portland State, Marekani, walichapisha barua katika jarida la New England Journal of Medicine wakieleza kwamba kifaa walichokipima hakikuonyesha formaldihaidi kwa volti 3.3, bali kwa volti 5 kiliitoa kwa wingi. Magazeti yakapiga kelele. Mtafiti wa Ugiriki, Konstantinos Farsalinos, na wenzake wakajibu mwaka huo huo kwamba volti 5 katika koili ile huikausha pamba, na mvutaji wa kweli angetupa kifaa kwa uchungu kabla ya kuvuta mara ya pili. Yamkini pande zote mbili zilikuwa na hoja. Kifaa kimoja na maji yale yale vilitoa mvuke wa namna mbili kwa sababu ya volti peke yake, na hilo halikukanushwa na mtu. Mwaka 2018 watafiti wa Johns Hopkins nao walitangaza kwamba walikuta risasi, nikeli na kromi katika mvuke wa vifaa vya watumiaji, na koili ndiyo iliyoshukiwa.

KOILI YENYE KUJIPIMA

Wahandisi walitafuta njia ya kupima joto lenyewe, nao wakaipata katika waya. Waya wa kawaida wa koili ni kanthali, mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini uliobuniwa Sweden katika miaka ya 1920 kwa ajili ya tanuri. Sifa yake ni kwamba omu zake hazibadiliki sana ukipata joto. Ni sifa njema kwa tanuri, lakini kwa chipu ni kama kuongea na mtu asiyebadilisha uso.

Nikeli ni kinyume chake. Kila nyuzi moja ya Selsiasi huongeza ukinzani wake kwa sehemu 6 katika 1,000. Koili ya nikeli yenye omu 0.15 ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20, itakuwa na omu 0.33 ikifika nyuzi 220. Chipu inayopima omu kila wakati inaweza basi kujua joto la waya bila ya kipimajoto chochote, na kupunguza umeme mara kikomo kinapofikiwa. Pamba ikikauka, joto hupanda upesi, chipu huliona na kukata kabla ya pamba kuungua. Mwaka 2014 kampuni ya Evolv ya Ohio, Marekani, ilitoa chipu ya namna hiyo iliyoitwa DNA 40, na wengine wakafuata. Titani na chuma cha pua hutumika pia, kila kimoja kwa hesabu yake.

Njia hiyo ina sharti moja. Ni lazima chipu ijue omu za koili ikiwa baridi kweli. Koili ikifungwa ingali na joto, chipu itachukua kipimo kisicho sahihi, na joto halisi litakuwa juu kuliko lililoandikwa. Kwa hiyo vifaa vingi huuliza: koili hii ni mpya au ni ile ile? Vijana hubonya bila kusoma.

NA KATIKA NYUMBA?

Nguvu ya kifaa inahusiana pia na ukali wa maji, na hapa ndipo familia inapoguswa. Maji yenye miligramu 20 za nikotini katika kila mililita, ambacho ndicho kikomo cha sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, hutengenezwa kwa vifaa vya wati chache. Yakitiwa katika kifaa cha wati 70, wingi wa mvuke utamletea mvutaji nikotini kupita kiasi. Kizunguzungu, kichefuchefu na moyo kwenda mbio ndivyo vitakavyomjulisha.

Mtoto mchanga hana nafasi ya kujulishwa. Desemba 2014 mtoto wa mwaka mmoja alikufa katika jimbo la New York baada ya kumeza maji hayo, na kisa hicho kilichangia kupitishwa kwa sheria ya Marekani iliyosainiwa Januari 2016, inayotaka vichupa viwe na vifuniko ambavyo watoto hawawezi kuvifungua. Kichupa kikionekana nyumbani, kabati lenye kufuli ndilo mahali pake. Si juu ya meza ya televisheni. Mtoto akinywa, apelekwe hospitali mara moja pamoja na kichupa chenyewe, ili daktari asome kiasi cha nikotini.

Serikali zimechukua njia mbalimbali. Uganda ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vifaa hivi katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015, na India ikafuata mwaka 2019. Uingereza, kwa upande wake, huwashauri watu wazima wanaotaka kuacha sigara wavitumie, na tafiti zimeonyesha kwamba huwasaidia kuliko viraka na peremende za nikotini. Lakini tangu Juni 1, 2025 imekataza vile vya kutumia na kutupa. Mtu mzima aliyevuta sigara miaka 20 na anayetafuta mlango wa kutokea, na kijana wa kidato cha pili ambaye hajawahi kuvuta chochote, si watu wa kupewa jibu moja.

Aliye na kifaa nyumbani na akichunguze. Kikiwa hakina kioo, hakina vitufe vya kuongeza na kupunguza, na betri yake inagusa chuma moja kwa moja, basi hakina kidhibiti, na si cha kuchezewa. Ngozi ya plastiki iliyoizunguka betri ikichanika, betri hiyo haifai tena, kwa sababu ubavu wake wote ni ncha hasi na mkwaruzo mdogo huweza kuleta shoti. Betri ya akiba haitiwi mfukoni pamoja na funguo na sarafu. Ina kijisanduku chake cha plastiki. Haichajiwi chini ya mto wala juu ya kitanda. Tangu mwaka 2015 wasafiri wa ndege wametakiwa kubeba vifaa hivi mkononi na si katika mizigo ya chini, ambako moto ukizuka hakuna wa kuuona.

Betri iliyokufa nayo isitupwe katika shimo la taka linalochomwa jioni. Ingawa haiwezi tena kuwasha koili, imebaki na lithi na majimaji yanayowaka, nayo ndani ya moto hupasuka kama risasi. Izibwe ncha zake zote mbili kwa utepe wa fundi umeme, iwekwe katika kopo lenye mchanga mahali pasipofikiwa na watoto, mpaka apatikane mtu anayekusanya betri za simu na kompyuta zilizokwisha.